Fungu la Malaika

Malaika, wasema watu wa Islay, hawaibi.
Huchukua fungu lao tu, kila mwaka, kila pipa,
hupenya mbao za mwaloni bila kubisha hodi,
na hakuna aliyewahi kuwashtaki.

Ila mwaka juzi, homa ya siku tisa
ilipomlaza Tormod MacAffer, walizidisha.
Alipopata nafuu, mkate uliungua jikoni
naye akauona moshi tu.
Miaka thelathini na minane pua yake
ilikuwa kalamu ya kiwanda;
wino ukakauka.

Kwa hiyo sasa, kila Jumanne, saa nne asubuhi,
kabla ya chai, kabla ya kitunguu chochote,
binti yake Peigi huketi mkabala naye
kwenye meza inayoyumba
(kuna karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja).
Glasi sita zenye tumbo na shingo,
daftari, mtungi wa maji ya kijito.
Binti hunusa. Mzee huandika.

Mimi ni mgeni, nimeingia kukimbia mvua,
nimepewa kigoda na amri ya kunyamaza.

"Ya kwanza?"
"Pea. Pea iliyoiva hadi nyuki wameijua.
Halafu nta, mshumaa uliozimwa sasa hivi."
"Kwa pumzi au kwa vidole?"
"Kwa vidole."
Akaandika: pipa la burboni, limejazwa mara ya pili.
Peigi aligeuza lebo. Ndivyo.

Ya pili iliingia na viatu vyake.
Moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi
unaochomwa chini ya shayiri
mpaka shayiri isahau shamba;
kamba yenye lami, bendeji mpya,
ukumbi wa hospitali usiku wa manane,
na nyuma kabisa, kwa haya, ndimu.
"Chumvi?"
"Ulimini ipo. Puani haipo."
"Vema. Sema kilichokuja, si kinachotarajiwa."

Kwetu tunasema tunasikia harufu.
Nimelitamka neno hilo maisha yangu yote
bila kumwona mtu anayelitii,
sikio moja limeelekezwa kwa bintiye,
macho yamefumbwa, kalamu inasubiri.

Ya tatu ilikuwa bubu.
Peigi akaidondoshea maji, matone mawili,
ikafungua kinywa: biskuti za tangawizi,
tandiko la ngozi, jasho la farasi,
"na... baba, utacheka."
"Sema."
"Sweta yako ya kijivu, siku ya mvua."
Hakucheka. Aliivuta shingo ya sweta hiyohiyo
hadi puani, akangoja kidogo,
akaandika.

Ya nne alilichagua pipa lake mwenyewe.
Pipa la sheri, kutoka Hispania,
alilolipigania mbele ya wahasibu
na kwa miaka kumi na saba, kila akipita,
akalipiga kofi ubavuni kama ng'ombe wa maziwa.
Peigi alishusha pua. Akainua. Akashusha tena.
"Zabibu kavu," akasema. "Ganda la chungwa. Mdalasini."

Mvua ilitembea juu ya bati.
Mzee aliinua glasi dirishani, akaizungusha,
akatazama machozi yake yakiteremka kiooni.
"Zabibu haimnusishi mtu mara mbili," akasema.
"Kiberiti?"
Kimya.
"Peigi."
"Kiberiti. Njiti iliyolowa. Na yai, baba,
yai viza la wiki tatu."
Kicheko kilimtoka yeye kwanza, kisha mzee,
hata karatasi ikachomoka chini ya meza
na glasi zote zikagongana.

Ya tano aliinywa Tormod mwenyewe, bila maji.
"Unasikia nini?" binti akauliza.
Aligusa koo. "Imefika hapa."
Akagusa kifua. "Sasa hapa."
Akalivuta daftari, akarudi kwenye mstari wa nne,
akaandika huku bado anafuta macho:

*Kosa langu. Lisiuzwe.
Waachiwe malaika.*